Vishikwambi 120 au vijana 12 wa kufundisha kusoma? Nisaidieni kupiga hesabu

#1 KengeleYaMapumziko
Habari zenu wadau. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Kata yetu iko mkoa wa Lindi, huku ndani kabisa, ina shule za msingi 6. Kuna mzawa wetu yuko nje ameahidi pesa kwa ajili ya darasa la 2 na la 3 maana hali ya KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) ni mbaya. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule na niliwahi kushika chaki kabla ya kuhamia biashara, ndo nikapewa kazi ya kuandika andiko. Mwezi uliopita nilimwomba mwalimu mkuu mmoja nisikilize watoto 40 wa darasa la 3, mmoja mmoja, aya fupi ya Kiswahili cha darasa la 2. Waliosoma ni 11. Kuna binti alishika kitabu vizuri akatiririka ukurasa mzima, nikafurahi, halafu nikaziba picha kwa kiganja nikamwekea kidole mstari wa katikati nikamwambia anzia hapa. Akanyamaza. Kumbe ukurasa wote alikuwa ameukariri kwa kusikia wenzake wakiimba. Tangu siku ile silali vizuri.

Sasa mapendekezo yako mawili. La kwanza vishikwambi 120, kila shule 20, kimoja 250,000, jumla milioni 30. La pili tuchukue vijana 12 waliosomea ualimu wako mtaani, posho 80,000 kwa mwezi kwa miezi 10, kila siku baada ya vipindi wakae saa moja na watoto 400 walio nyuma zaidi. Posho milioni 9.6, vifaa 2, mafunzo 1.5, mafuta ya pikipiki ya ufuatiliaji 1.2. Jumla milioni 14.3 kwa mwaka.

Nikagawanya. Vishikwambi vitatumiwa na watoto wote 1,200 wa madarasa hayo, ni 25,000 kwa mtoto na vyombo vinabaki. Vijana ni 35,750 kwa mtoto na mwaka ukiisha hela imekwisha. Kwa hesabu hii vishikwambi ni nafuu, na wajumbe wenzangu wengi wako huko. Ila moyo unakataa na sijui nakosea wapi. Kuna chombo chochote wanachotumia wataalamu kupima mambo haya?

#2 kimyakimya
Naweka kambi hapa. Na kwetu kuna mjadala huu huu.

#3 Mzee wa Chaki
Mimi bado niko darasani, mwaka wa 19 huu. Shule moja niliyopita (siitaji) ililetewa mashine kama hizo, zikafunguliwa siku ya makabidhiano, picha zikapigwa, zikarudi kwenye boksi. Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na soketi moja na umeme wa jua uliotosha taa mbili na simu za walimu. Wiki ya pili tukaweka zamu ya kuchaji, vinne vinne, kwa hiyo ukitaka kufundisha na vyote ishirini unasubiri siku tano. Mwisho wa muhula tukaacha. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyeharibu. Viliisha chaji tu vikakaa.

Mkuu kwenye hesabu yako sijaona umeme.

#4 Fundi Namba
Mleta mada shkamoo, na hongera kwa kuwasikiliza watoto kwa masikio yako, wengi wanaandika andiko bila hata kufika darasani.

Kazi yangu ni ufuatiliaji na tathmini. Unachotafuta kinaitwa njia ya viungo, aliianzisha mchumi wa elimu Henry Levin huko Marekani miaka ya 1970. Wazo lake ni kama unataka kujua sahani ya pilau inagharimu kiasi gani. Huhesabu mchele peke yake kwa sababu ndio ulioununua leo. Unahesabu mafuta yaliyokuwepo kabatini, kuni alizoleta jirani bure, sufuria uliyoazima na masaa ya mpishi. Kila kiungo unakiandika, kiasi gani, bei gani, nani kakitoa. Kitu ulichopewa bure nacho unakipa bei, maana kwingine kitanunuliwa.

Vyombo vipo. Kuna CostOut, ya bure mtandaoni, ilitengenezwa na kituo cha Chuo Kikuu cha Columbia alikokuwa Levin. Watafiti wa J-PAL wana shiti ya exceli unapakua unajaza. Shirika la misaada la IRC wana programu inaitwa Dioptra, na taasisi ya utafiti ya Brookings nao wana kikokotoo chao. Ila CostOut bei zilizojazwa mle ndani ni za Marekani, ukiziacha utapata gharama ya mwalimu wa New York. Weka zako za Lindi. Na nikwambie ukweli, kwa kazi yako exceli ya kawaida inatosha, ubaya hauko kwenye chombo.

Kosa lako la kwanza ni hili, umeweka vishikwambi vitakavyodumu tuseme miaka mitatu upande mmoja na vijana wa mwaka mmoja upande wa pili. Gawa kwanza. Milioni 30 kwa miaka 3 ni 10 kwa mwaka (wataalamu wanaongeza na riba, tuiache). Umeme wa jua tuseme milioni 1.5 kila shule, shule 6 ni 9, ukikaa miaka 5 ni 1.8 kwa mwaka. Mafunzo ya walimu 1.5. Matengenezo na vioo 2. Mlinzi wa usiku 100,000 kwa mwezi shule 6 ni 7.2. Jumla milioni 22.5 kwa mwaka. Ukigawa kwa 1,200 ni 18,750.

#5 KengeleYaMapumziko
Marahaba kaka. Lakini sasa imeshuka kutoka 25,000 mpaka 18,750, si ndo vishikwambi vimezidi kuwa nafuu?

#6 Fundi Namba
Kwa kila mtoto *aliyegusa*, ndiyo. Hapo ndipo kosa la pili. Hujaitisha pesa ili watoto waguse kioo, umeitisha ili yule binti asome mstari wa katikati. Namba ya kugawia inatakiwa iwe watoto waliojua kusoma kwa sababu ya mradi, yaani juu ya wale ambao wangejua hata bila mradi. Mfano tu, si utafiti: kama vishikwambi vikiongeza wasomaji 100, milioni 22.5 gawa kwa 100 ni 225,000 kwa msomaji mpya. Vijana wakiongeza 160, milioni 14.3 gawa kwa 160 ni kama 89,000. Hizo 100 na 160 nimezitoa kichwani. Bila kupima kabla na baada, na bila shule za kulinganisha nazo, huna namba ya kugawia na hakuna programu itakayokupa.

#7 Korosho Ghafi
Fundi nakuheshimu ila umeweka mlinzi wa 7.2 na shule nyingi mlinzi yupo tayari, wazazi wanachangia. Huwezi kubebesha vishikwambi mlinzi aliyekuwepo kabla. Mtoe, inabaki 15.3. Sasa linganisha na 14.3 ya vijana, kwa mwaka ni karibu sawa. Kwa hiyo bei sio hoja tena, hoja ni kipi kinafundisha.

#8 Fundi Namba
Nakubali kama yupo kweli. Mleta mada hebu tuambie, wanalinda usiku wote au ni mzee wa jirani anayeangalia?

#9 KengeleYaMapumziko
Shule mbili wapo. Nne ni mzee wa jirani.

#10 Nyar Kisumo
Salamu kutoka ng'ambo hii ya mpaka. Sisi jambo hili lilipimwa kwetu Kisumu. Kabla ya Tusome, mradi wa kusoma wa Kenya nzima, kulikuwa na mradi wa majaribio ulioitwa PRIMR, na ndani yake wakajaribu njia tatu za teknolojia. Shule zingine tablet zikapewa maafisa wanaozunguka kuwakagua walimu darasani, zingine zikapewa walimu, zingine watoto wakapewa vifaa vya kusomea vya mkononi. Zote watoto walisoma vizuri kuliko shule ambazo hazikupata kitu. Lakini kati ya hizo tatu tofauti haikuwa ya maana, na wala hazikupita kwa wazi ule mradi wa kawaida wa vitabu, miongozo ya mwalimu na mtu wa kumtembelea. Gharama ndiyo ilitofautiana sana. Ya maafisa ilikuwa ya chini kwa sababu afisa mmoja anashika shule nyingi, vifaa ni vichache.

Tusome ilipoenda nchi nzima 2015 ndiyo njia waliyochukua. Kitabu kimoja kwa kila mtoto, mwongozo wa somo la kila siku kwa mwalimu, na CSO (afisa anayewatembelea walimu) alikuwa na tablet yenye GPS iliyoonyesha kweli alifika darasani, ndio akarudishiwa nauli. Kwa hivyo ndugu, kama lazima mnunue tablet, nunueni 3 mumpe anayewatembelea walimu. Sio 120.

#11 Mzee wa Chaki
Nyar Kisumo umenigusa. Mimi mara ya mwisho mtu kukaa nyuma ya darasa langu akasikiliza somo mpaka mwisho ni miaka minne iliyopita. Wengi wanakuja kukagua andalio la somo na kusaini kitabu cha wageni.

#12 DawaKwanza
Mnazunguka sana. Jambo lenye hesabu nzuri kuliko yote ni dawa za minyoo, na ni hapo hapo Afrika Mashariki. Busia Kenya mwaka 1998, shule 75, watoto zaidi ya 30,000, utoro ulipungua kwa robo. Ilikuja kama dola 3.50 kwa kila mwaka mmoja wa ziada wa masomo. Michael Kremer akapata Nobel 2019. Wape watoto dawa, pesa inayobaki rudisheni.

#13 NyumaYaUbao
DawaKwanza umesema kweli nusu. Mwaka wa shule wa ziada ndio ulioongezeka, alama za mtihani HAZIKUPANDA, iko kwenye utafiti wenyewe. Mtoto alikuja shule siku nyingi zaidi, akakaa, akarudi nyumbani hajui zaidi ya mwenzake. Halafu 2015 wataalamu wa London wakairudia hesabu wakakuta makosa, hasa ile sehemu ya faida kwa shule za jirani za mbali, pakawa na mabishano makubwa. Na Nobel ya 2019 Kremer aliipata pamoja na Banerjee na Duflo, kwa mtindo mzima wa kupima miradi kwa kupiga kura ya bahati shule zipi zianze, sio kwa minyoo peke yake.

#14 DawaKwanza
Nimepokea sahihisho. Ila na wewe maliza, walipowafuata wale watoto miaka 20 baadaye walikuta kipato chao kiko juu kuliko wenzao waliochelewa kupewa dawa. Kwa hiyo ukipima mtihani wa mwisho wa mwaka unasema haikufaa, ukisubiri miaka 20 unasema ilifaa. Kipi ni matokeo?

#15 Fundi Namba
Swali zuri mno na ndilo linalotutesa. Ndo maana siku hizi wakina World Bank wanatumia kipimo kinaitwa LAYS, miaka ya shule iliyorekebishwa kwa kujifunza. Kwamba mwaka mmoja wa kukaa darasani haulingani kila mahali, unaupunguza au kuupandisha kulingana na alichojifunza mtoto, halafu unauliza dola 100 imenunua miaka mingapi ya namna hiyo. Mwaka 2020 walilinganisha miradi 150 kwa kipimo hicho. Miradi iliyokaa juu ni kufundisha mtoto kwa kiwango alichopo na sio darasa aliloandikishwa, masomo yaliyopangwa hatua kwa hatua pamoja na kumsaidia mwalimu, na kuwaambia wazazi faida ya elimu kwa namba. Iliyokaa chini ni kununua vifaa peke yake, kompyuta, tablet, hata ruzuku, bila kubadilisha kinachofanyika darasani.

Vijana wa mleta mada wakiwapanga watoto kwa kiwango wako kwenye kundi la juu. Wakirudia tu somo la asubuhi, hawapo.

#16 mama wawili
Samahani mimi sio mtaalamu, mzazi tu. Hiyo ya "kuwaambia wazazi faida ya elimu" inahesabiwaje? Maana kama kuna kitu cha bei rahisi hivyo kwa nini hatufanyi.

#17 Fundi Namba
Dada, mfano mkubwa ni Madagaska. Wazazi waliitwa kikao shuleni wakaelezwa kwa takwimu za nchi yao mtu aliyemaliza darasa fulani anapata kipato gani ukilinganisha na asiyemaliza. Kikao tu. Mahudhurio na alama vikapanda, na kwa kuwa gharama ilikuwa ndogo sana ikawa juu kabisa kwenye orodha.

#18 mama wawili
Asante. Sasa kaka njoo kwangu uniambie hivyo. Kijana wangu wa kwanza amemaliza chuo cha ualimu, yuko nyumbani mwaka wa tatu, anapalilia korosho na baba yake. Mdogo wake wa darasa la 3 anamwona kila asubuhi. Utaniletea takwimu gani mimi niliyenazo mezani nakula nazo?

#19 Korosho Ghafi
Dada umeongea. Hilo la Madagaska linafaa kama wazazi walikuwa wanadhani elimu hailipi kuliko ukweli. Kama wanadhani inalipa kuliko ukweli, ukiwaambia namba ya kweli unaweza hata kuwakatisha tamaa.

#20 Kijana wa Posho
Nimesoma tangu mwanzo nikasema nisiandike, lakini huyo wa mama wawili ndo mimi, tofauti ni mkoa tu.

Nina digrii ya ualimu. Najitolea shule ya msingi mwaka wa pili, posho wazazi wanachanga, mwezi mzuri 60,000, mwezi mbaya sifuri. Nafundisha darasa la 2 lenye watoto 96. Sasa naona hapa nimeandikwa kama kiungo, 80,000 mara 12 mara 10. Sina kinyongo, lakini mnaposema vijana ni nafuu, ni nafuu kwa nani? Mimi nikiacha nikapata pikipiki ya mkataba sikosi 200,000 kwa mwezi. Tofauti hiyo natoa mimi. Natembea kilomita 5 kwenda na 5 kurudi. Mchana nakula kama kuna uji. Fundi Namba umesema kitu cha bure nacho kinapewa bei, basi nipeni bei.

#21 Fundi Namba
Mdogo wangu umenishika na umenishika kihalali. Kwa njia ya Levin unatakiwa uhesabiwe kwa thamani ya muda wako. Yaani 200,000 toa posho ya 80,000, ni 120,000 zaidi kwa kila kijana kwa mwezi, mara 12, mara miezi 10, ni milioni 14.4. Mradi wa vijana unakuwa milioni 28.7 kwa mwaka, sio 14.3.

#22 NyumaYaUbao
Hapo sikubaliani Fundi. Mhisani anauliza pesa *yake* inafanya nini. Hiyo 14.4 haitoki mfukoni kwake. Kuna hesabu ya mfadhili na kuna hesabu ya jamii nzima, ni mbili tofauti, ukizichanganya utaua kila mradi unaotumia wanakijiji.

#23 Fundi Namba
Ni mbili, ndiyo, na zote ziandikwe. Ukiandika ya mfadhili peke yake, mwaka wa pili vijana wanaondoka mmoja mmoja na kila mtu anashangaa mradi uliokuwa rahisi umekufaje. Sio kwamba ulikuwa rahisi, kuna mtu alikuwa anaulipia kimya kimya.

#24 mama wawili
Na kuni za uji wekeni. Kwetu kila mtoto anakwenda na kijiti na kidumu cha maji, Ijumaa anabeba viwili. Binti yangu anaondoka saa 11 alfajiri kwa sababu ya kupita kisimani. Mkija kusema uji unagharimu shilingi fulani kwa kikombe mjue kuna mtoto ameukosa usingizi.

#25 Mzee wa Chaki
Uji usiguswe lakini. Siku isiyo na uji darasa langu saa 5 nusu limelala.

#26 DawaKwanza
Mzee wa Chaki nimekuona, uzi wa vishikwambi umeugeuza wa uji 😀

#27 Mzee wa Chaki
Wewe uliugeuza wa minyoo, tuko sawa.

#28 kimyakimya
Kwani ruzuku ya serikali si ipo? Ile elfu kumi kwa mtoto. Kwa nini shule zisinunue vitabu kwa hiyo mambo yaishe.

#29 NyumaYaUbao
Ruzuku ya 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi ni ya tangu enzi za MMEM (mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi) 2002, elimu bila malipo ya 2016 ikaendelea nayo, na sehemu yake inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Bei ya chaki ya 2002 na ya leo unazijua mwenyewe.

Ila kuna utafiti wa hapa hapa kwetu ambao kila kamati ingeusoma. KiuFunza ya shirika la Twaweza, 2013 na 2014, wilaya 10, shule 350. Shule 70 zilipewa ruzuku kamili ya 10,000 kwa mtoto moja kwa moja. Sabini nyingine walimu wa darasa la 1 hadi la 3 wakaahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu Kiswahili, Kiingereza au Hisabati. Bonasi peke yake ndiyo iliyofanya kazi, ruzuku haikufanya.

#30 Fundi Namba
Ngoja nirekebishe kidogo. Ruzuku peke yake kweli haikupandisha alama. Bonasi peke yake matokeo yalikuwa mchanganyiko, si ya kutegemea. Kilichopandisha wazi wazi ni shule 70 za tatu zilizopata VYOTE VIWILI, na ongezeko likazidi kujumlisha la huku na la kule. Bonasi ilikuwa 5,000 kwa kila mtoto kwa kila somo alilofaulu, mwalimu mkuu 1,000. Maana yake vifaa bila mwalimu mwenye ari havifanyi kitu, na ari bila vifaa inakwama.

#31 NyumaYaUbao
Uko sahihi, nilikumbuka vibaya.

#32 Mzee wa Chaki
Hilo la bonasi mimi linanipa shida. Nikilipwa kwa kila mtoto atakayefaulu nitawashika wale wanaokaribia kufaulu, yule wa nyuma kabisa nitamwacha maana najua mwaka huu hafiki. Binadamu ndo tulivyo. Yule binti wa mleta mada angekuwa wa mwisho kuitwa.

#33 Nyar Kisumo
Mzee wa Chaki hata vitabu vilifanya hivyo. Kule Busia kabla ya minyoo waligawa vitabu vya kiada, wastani wa alama haukusogea, waliofaidika ni wale waliokuwa juu tayari. Vitabu viliandikwa Kiingereza, na kwa wengi hiyo ilikuwa lugha ya tatu. Mtoto amepewa kitabu hawezi kukifungua kwa kichwa. Chati kubwa za kufunua (flip chart) nazo walijaribu, hakuna kitu.

#34 Korosho Ghafi
Kwetu sio lugha, vitabu ni vya Kiswahili. Mimi nasema tatizo la kata kama hiyo ni msimu. Kuanzia Oktoba mtoto yuko shambani anaokota korosho, Januari anarudi amesahau herufi. Mlete mwalimu wa digrii, mlete kishikwambi, darasa likiwa nusu tupu unagawanya kwa watoto gani?

#35 Kijana wa Posho
Kwangu hakuna korosho na hawajui kusoma vile vile. Ni 96 ndani ya chumba kimoja. Kusikiliza mtoto mmoja asome aya dakika 2, wote ni zaidi ya masaa 3. Sijawahi kumaliza.

#36 NyumaYaUbao
Halafu kabla hamjaamua vijana, kumbukeni Kenya. Walimu wa mkataba walifanya vizuri sana kwenye jaribio dogo la magharibi. Walipojaribu kwa mikoa yote 8 ya wakati ule, shule zilizosimamiwa na shirika lisilo la kiserikali watoto walipanda, zilizosimamiwa na serikali hakuna mabadiliko, walimu wa aina moja na mkataba ule ule. Namba ya gharama ya jaribio dogo huwezi kuibeba ukaiweka kokote.

#37 Nyar Kisumo
Na walimu wenyewe waliingia kwenye chama wakadai kazi ya kudumu, na walikuwa na haki yao. Kijana wa Posho unaelewa.

#38 Kijana wa Posho
Naelewa sana dada.

#39 KengeleYaMapumziko
Nimerudi. Siku tatu nilikuwa shambani na nimesoma kila kitu mara mbili, asanteni.

Nimeanza shiti upya. Safu ya kwanza kiungo, ya pili nani anakitoa, ya tatu bei ya mfadhili, ya nne bei ya kweli. Kuni, maji na muda wa vijana vipo kwenye safu ya nne. Wajumbe walipoona milioni 28.7 walikaa kimya, kisha mama mmoja akasema basi posho iwe 120,000 na vijana wawe 8 badala ya 12. Nimepiga, 120,000 mara 8 mara 10 ni milioni 9.6, ile ile. Shule 4 zianze, zichaguliwe kwa kura ya bahati mbele ya wazazi, 2 zisubiri mwaka mmoja tulinganishe. Najua 4 kwa 2 ni chache mno kuthibitisha kitu, Fundi usinigombeze. Vishikwambi tumepunguza kutoka 120 hadi 2, vya kumpa mwalimu mstaafu atakayezunguka kama alivyosema Nyar Kisumo.

Swali limebaki moja. Kupima kabla tulitaka Oktoba na baada Oktoba inayofuata, ila Korosho Ghafi amenitia wasiwasi.

#40 Fundi Namba
Sikugombezi. Mbili za kusubiri ni bora kuliko sifuri. Pima mtoto mmoja mmoja kwa sauti, aya ambayo hawajaiona, na asiwe mwalimu wao anayepima. Watoto 8 kati ya 10 wakiimba, badilisha aya.

#41 mama wawili
Wanaosubiri mtawaambia nini? Mtoto wa darasa la 3 akisubiri mwaka ameshafika la 4.

#42 KengeleYaMapumziko
Hilo dada ndilo lilitukalisha mpaka saa 2 usiku na hatukupata jibu. Tumesema wale wa la 3 wa shule 2 za kusubiri wataingizwa mwaka wa pili hata wakiwa la 4.

#43 Korosho Ghafi
Usipime Oktoba. Utakuta waliobaki darasani ni wale ambao wazazi wao hawana mikorosho au wana uwezo wa kulipa vibarua, utapata picha ya uongo. Pima Julai shule zikifunguliwa, na uende na daftari la mahudhurio, wasiokuwepo siku hiyo uwafuate nyumbani.

#44 Kijana wa Posho
Hiyo nafasi ya 8 ni kwa wazawa wa kata tu au hata mtu wa mkoa mwingine anaweza kuomba?

#45 KengeleYaMapumziko
Njoo PM mdogo wangu.